Rufaa ya kesi ya mauaji Uganda: maneno ya shahidi na karatasi ya daktari

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji ambao ndugu yao amehukumiwa kwa kosa la mauaji katika Mahakama Kuu ya Uganda. Ni pia kwa wale ambao ndugu yao aliuawa na wanataka hukumu iliyotolewa isianguke. Familia zote mbili huuliza swali lile lile: majaji wa rufaa wataangalia nini? Mara nyingi kesi husimama au huanguka kwa mambo mawili. La kwanza ni hali aliyokuwa nayo shahidi wakati aliposema alimwona muuaji. La pili ni kama maelezo yake yanapatana na yale daktari aliyoyakuta kwenye mwili wa marehemu.

Maelezo haya ni ya kukusaidia kuelewa. Hayachukui nafasi ya wakili, kwa sababu kila kesi ina mambo yake.

Kwanza, siku 14

Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa anatakiwa kutoa taarifa ya rufaa ndani ya siku 14 tangu siku ya hukumu. Taarifa hiyo ni karatasi fupi. Haihitaji sababu zote wala hoja za kisheria, ni kusema tu kwamba "sikubali, nakata rufaa". Sababu zenyewe huandikwa baadaye, rekodi ya kesi ikishapatikana. Mfungwa anaweza kuitoa kupitia mkuu wa gereza, kwa hiyo kukosa pesa za wakili si kizuizi cha hatua hii ya kwanza. Familia ikienda kumtembelea wiki ile ya kwanza, jambo la kumuuliza kabla ya mengine yote ni kama ameshaitoa.

Siku 14 zikipita, mlango haujafungwa kabisa. Mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya kutosha. Lakini kuomba muda ni kesi nyingine ndogo juu ya kesi kubwa, na inachukua miezi.

Kuhusu wakili: Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inasema mtu anayeshtakiwa kwa kosa linaloweza kuleta adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali. Ibara hiyo hiyo inampa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumika mahakamani. Haki hizi ni za kila mtu aliye mbele ya mahakama. Haziulizi kama una kitambulisho cha taifa au karatasi ya OPM.

Majaji wa rufaa hufanya nini hasa

Watu wengi makambini hufikiri rufaa ni kesi kuanza upya: mashahidi wataitwa tena, na safari hii yule jirani aliyeogopa kusema atasema. Sivyo. Majaji watatu wanasoma kile kilichoandikwa na kusemwa mbele ya jaji wa kwanza, wanasikiliza hoja za wakili wa mfungwa na za wakili wa serikali, kisha wanaamua.

Hata hivyo, kusoma huku si kwa kupitisha macho tu. Katika kesi ya Kifamunte Henry dhidi ya Uganda (rufaa namba 10 ya mwaka 1997), Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Maneno haya yana uzito mkubwa. Jaji wa kwanza alimwona shahidi akisita, akitoka jasho, au akijibu bila wasiwasi. Majaji wa rufaa hawakuona hayo, kwa hiyo wanasita kusema kwamba shahidi fulani ni mwongo ikiwa jaji wa kwanza alimwamini.

Lakini ripoti ya daktari ni karatasi. Majaji wa rufaa wanaisoma kama alivyoisoma jaji wa kwanza, bila pungufu. Vivyo hivyo maelezo ya polisi ya siku ya kwanza, na mchoro wa mahali pa tukio. Ndiyo maana wakili mzoefu hapotezi muda kusema "shahidi alidanganya". Hutafuta mahali ambapo maneno ya shahidi yanagongana na karatasi.

Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo manne bila kuacha shaka ya maana: kwamba mtu amekufa, kwamba kifo kilisababishwa kinyume cha sheria, kwamba aliyesababisha alikuwa na dhamira ya kuua, na kwamba aliyesababisha ni huyu mshtakiwa. Daktari husaidia sana katika matatu ya kwanza. Kuhusu la nne, daktari huwa hana la kusema. Jeraha linaweza kuonyesha panga, lakini halionyeshi mkono ulioshika panga. Hapo ndipo shahidi wa macho anapobeba mzigo, mara nyingi peke yake.

"Nilimwona": mahakama huuliza nini

Kesi inayotajwa karibu katika kila rufaa ya namna hii ni Abdalla Nabulere na wenzake dhidi ya Uganda, rufaa namba 9 ya mwaka 1978. Mahakama ilisema kwamba pale kesi inapotegemea utambuzi wa shahidi mmoja au zaidi, na mshtakiwa anakana, jaji lazima ajionye mwenyewe, na awaonye wazee wa baraza wanaokaa naye, kwamba kuna hatari ya kumfananisha mtu. Sababu yake ni nzito: shahidi aliyekosea anaweza kuwa mkweli kabisa moyoni mwake. Hadanganyi. Anaamini alichokiona, na kwa hiyo huwezi kumkamata kwa maswali kama unavyomkamata mwongo.

Baada ya onyo hilo, jaji anapima hali ya kuona. Kulikuwa na mwanga gani? Shahidi alikuwa umbali gani? Alimwangalia mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa anamfahamu kabla? Hali zikiwa nzuri, hatari ya kukosea hupungua. Zikiwa mbaya, mahakama hutafuta ushahidi mwingine wa kuunga mkono kabla ya kumfunga mtu. Mawazo haya yana mizizi ya zamani katika nchi zetu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishatoa onyo juu ya shahidi mmoja wa utambuzi mwaka 1953 katika kesi ya Abdallah bin Wendo, na tena mwaka 1967 katika kesi ya Roria, ndiyo maana utayakuta majina hayo katika hukumu za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Tukae kidogo kwenye mwanga, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za vijijini na za makazi ya wakimbizi huanguka. Mauaji mengi hutokea usiku, mahali pasipo na umeme. Shahidi anasema "kulikuwa na mwezi" au "kulikuwa na taa", na polisi anaandika hivyo hivyo, basi. Katika rufaa maneno hayo matatu hayatoshi. Taa ipi? Koroboi iliyokuwa chumba cha ndani, au taa ya sola iliyoning'inia juu ya mlango? Ilikuwa upande gani wa uso wa mshambuliaji? Tochi ya nani? Kama tochi ilishikwa na mshambuliaji na kumulikwa machoni pa shahidi, basi mwanga huo ulimpofusha badala ya kumsaidia kuona. Mwezi ulikuwa mpevu, au mwembamba, na je, miti au paa la turubai halikuuficha? Upande wa mashtaka ukikosa kuyauliza haya, majaji wa rufaa hawawezi kuyajaza kwa kubuni.

Kumtambua mtu unayemjua, kama jirani au shemeji, ni rahisi kuliko kumtambua mgeni. Mahakama zinakubali hilo. Hata hivyo zinakumbusha kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki: nani hajawahi kumwita mtu barabarani kwa jina, akageuka, kumbe siye? Kwa mgeni, polisi hupanga gwaride la utambuzi, mshukiwa akisimama kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri na umbo. Gwaride hilo halina thamani ikiwa shahidi alishaonyeshwa mshukiwa kituoni, au picha yake ilishazunguka kwenye simu za watu wa mtaa. Na halina haja kwa mtu ambaye shahidi anamjua tangu zamani.

Alichosema mara ya kwanza

Jambo ambalo wakili wa rufaa hulitafuta mapema ni hili: shahidi alitaja jina lini, na kwa nani? Shahidi aliyekimbilia kwa mwenyekiti wa LC1 au kwa kiongozi wa RWC usiku ule ule akasema "ni fulani", ana nguvu. Aliyekaa kimya siku nne, kisha akataja jina baada ya mtu kukamatwa, ana maswali ya kujibu. Tangu mwaka 1940, katika kesi ya Shabani bin Donaldi, mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maelezo ya taarifa ya kwanza yaletwe mahakamani, kwa sababu yanaweza kuunga mkono anachosema shahidi leo, au kuonyesha kwamba ni jambo alilolifikiria baadaye.

Kimya kinaweza kuwa na sababu. Mtu aliyekimbia vita, ambaye ameshaona wanaosema wakifuatwa, hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Lakini sababu hiyo lazima isemwe mahakamani na yeye mwenyewe. Ikibaki moyoni, rekodi itaonyesha kimya tu.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo kwa maoni yetu halipewi uzito unaostahili. Shahidi anaongea Kibembe, Kinyabwisha au Kiswahili cha Kongo; polisi anaandika Kiingereza; katikati kuna mtu yeyote aliyepatikana kituoni. Mkongomani akisema "nilimujua", anaweza kumaanisha kwamba alimtambua usiku ule, au kwamba anamfahamu siku zote. Mkalimani akichagua moja, kesi nzima inaweza kuelekea huko. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi au kidole, omba usomewe maelezo yako kwa lugha unayoielewa, na usahihishe hapo hapo. Mwaka mmoja baadaye mahakamani, sahihisho lile lile litaitwa kujipinga.

Si kila kujipinga kunaua kesi. Katika kesi ya Alfred Tajar (1969) mahakama ilitofautisha: tofauti ndogo zinaweza kupuuzwa kama hazionyeshi kusudi la kudanganya, lakini tofauti kubwa zisizoelezwa zinaweza kufanya ushahidi ukataliwe. Mashahidi wawili wakitofautiana kama ilikuwa saa mbili au saa tatu usiku, hilo ni dogo. Wakitofautiana kama marehemu alipigwa ndani ya nyumba au kisimani, hilo si dogo. Na kusema kweli, mashahidi watatu wanaosema neno kwa neno sawa hutia shaka zaidi kuliko wanaotofautiana kidogo. Familia inayowakusanya mashahidi wake usiku kabla ya kesi ili "wapatane" inajiharibia yenyewe.

Mtoto, na mtu aliyekaribia kufa

Mtoto mdogo anaweza kuwa shahidi. Jaji humhoji kwanza aone kama anaelewa maana ya kiapo na kusema kweli. Asipoelewa kiapo anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, lakini sheria inataka ushahidi huo uungwe mkono na ushahidi mwingine unaomgusa mshtakiwa. Hapa wengi huchanganya. Daktari akithibitisha kwamba jeraha lilikuwa la kisu kama mtoto alivyosema, hilo linaonyesha mtoto aliona kweli tukio. Bado halijamgusa mshtakiwa.

Maneno ya marehemu kabla ya kufa nayo hupokelewa, kama yanahusu kilichomuua. Mahakama huyachukua kwa tahadhari: marehemu hawezi kuulizwa maswali, na mara nyingi alishambuliwa ghafla, gizani, katika vurugu. Kesi ya Pius Jasunga ya mwaka 1954 ndiyo inayotajwa mara nyingi kuhusu hatari hiyo. Na hapa daktari anaweza kuamua mambo. Mashahidi wakisema marehemu alitaja jina la muuaji mara tatu kwa sauti, na ripoti inaonyesha koo lilikatwa hadi kwenye bomba la hewa, wakili atauliza: aliongeaje?

Karatasi ya daktari

Mwili huchunguzwa na daktari kwa ombi la polisi, naye hujaza fomu ya polisi ya uchunguzi wa maiti. Fomu hiyo inaeleza nani aliutambulisha mwili kwa daktari, hali ya mwili, majeraha ya nje, yaliyoonekana ndani, na sababu ya kifo kwa maoni yake.

Anza na jina. Mkimbizi anaweza kuwa na jina moja kwenye karatasi za OPM, lingine alilobatizwa, na lingine ambalo mtaa mzima unamwitia, tena kila moja limeandikwa kwa njia mbili au tatu. Ikiwa ripoti ina jina tofauti na lile la hati ya mashtaka, na hakuna shahidi aliyesema "niliutambulisha mwili huu kwa daktari, ni wa ndugu yangu", wakili wa rufaa atauliza kama mwili uliochunguzwa ni wa mtu anayezungumziwa. Ndugu anayekwenda mochwari ataje majina yote.

Halafu majeraha. Panga au kisu huacha mkato wenye kingo zilizonyooka. Rungu au jiwe hupasua ngozi vibaya, kingo zikiwa zimechanika na zina michubuko pembeni. Majeraha ya viganjani na mikononi chini ya kiwiko mara nyingi ni ya mtu aliyejikinga, na hayo huvunja hadithi ya kwamba marehemu ndiye aliyevamia na hakuguswa ila mara moja. Mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, na joto huharakisha mambo. Kwa hiyo makadirio ya saa ya kifo ni makadirio, si saa ya ukutani.

Majeraha pia ndiyo yanayozungumza juu ya dhamira. Kesi ya Tubere ya mwaka 1945, bado hai hadi leo, inaelekeza mahakama iangalie aina ya silaha, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, majeraha yenyewe, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tukio. Mapigo manne ya panga shingoni yanasema jambo moja. Pigo moja la fimbo mguuni, mtu akafa baada ya siku tisa kwa sababu kidonda kilioza, linasema jambo jingine, na hapo rufaa inaweza kubadilisha mauaji kuwa kuua bila kukusudia hata kama shahidi wa macho anaaminika kabisa.

Je, bila ripoti ya daktari kesi inaanguka? Hapana, si lazima. Kifo chenyewe kinaweza kuthibitishwa na watu waliomfahamu marehemu, waliouona mwili au waliozika. Na pale sababu ya kifo iko wazi kwa kila mtu, kama kichwa kilichotenganishwa na mwili, mahakama haihitaji daktari kuisema. Ugumu uko katikati: mtu alipigwa, akaenda nyumbani, akalala, akafa baada ya siku kadhaa, akazikwa haraka. Alikufa kwa kipigo au kwa malaria? Bila daktari, shaka hiyo humfaidi mshtakiwa. Kwa hiyo familia inayotaka haki isikimbilie kuzika kabla polisi hawajapata uchunguzi, hata kama desturi inataka mwili usilale. Mwili uliozikwa unaweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, lakini ardhi inafuta mengi.

Kuna jambo moja ambalo wafungwa wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Kesi ya Mahakama Kuu huanza na kikao cha kukubaliana mambo yasiyobishaniwa. Mara nyingi ripoti ya daktari hukubaliwa hapo, kwa dakika chache, na daktari haitwi tena. Kwa kesi ambayo mshtakiwa anasema "sikuwepo kabisa", hakuna ubaya; kifo hakibishaniwi. Lakini kama utetezi ni "nilimpiga mara moja, kwa mkono, nikijikinga", basi kuikubali ripoti bila kumuuliza daktari ni kuacha silaha mlangoni. Kwenye rufaa, kile kilichokubaliwa ni vigumu kukirudia. Mshtakiwa ana haki ya kumuuliza wakili wake: tunakubali nini leo, na kwa nini?

Vinapogongana

Chukua mfano wa kubuni. Shahidi amesema aliona, kwa mwanga wa mwezi, mshtakiwa akimkata marehemu kichwani kwa panga mara tatu kutoka nyuma. Ripoti inasema kuna jeraha moja, juu ya jicho la kushoto, lililosababishwa na kitu butu.

Familia ya mfungwa itashangilia: shahidi ni mwongo, mtoeni. Majaji hawaendi haraka hivyo. Hesabu ya mapigo haitegemewi sana, kwani mtu mwenye hofu hahesabu, na mapigo mengine hukosa. Panga lina upande usio na makali, na pigo la upande huo linaweza kuacha jeraha la kitu butu. Lakini je, daktari aliulizwa hilo? Kama aliulizwa akasema inawezekana, mgongano umeisha. Kama hakuulizwa, majaji hawana ruhusa ya kubuni jibu. Katika kesi ya Okethi Okale ya mwaka 1965, mahakama ilionya kwamba ni hatari kwa jaji kujitungia nadharia ya jinsi marehemu alivyokufa, ambayo haikujadiliwa kwenye kesi. Hukumu inasimama juu ya ushahidi uliotolewa. Na kuhusu "kutoka nyuma": jeraha likiwa mbele, shahidi alikuwa amesimama wapi hata aone? Hapo mgongano hauhusu tena jeraha. Unarudi kwenye mwanga na umbali, kwenye maswali ya Nabulere, na unaweza kuuvunja utambuzi wote.

Daktari naye si wa mwisho. Maoni yake ni ushahidi kama mwingine, na mahakama inaweza kuyakataa ikiwa na sababu nzuri. Aliyeandika "sababu: kutokwa damu" bila kueleza damu ilitoka wapi ana uzito mdogo kuliko aliyepima kila jeraha. Madaktari wawili wanaopingana hupimwa kwa walichokiona, si kwa vyeo vyao.

Mshtakiwa aliyesema alikuwa mahali pengine hana kazi ya kulithibitisha hilo. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kumweka mahali pa tukio. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Bogere Moses (rufaa namba 1 ya mwaka 1997), ilisema jaji lazima apime ushahidi wa pande zote mbili na kueleza kwa nini anaukubali mmoja na kuukataa mwingine. Hukumu iliyosema tu "shahidi ninamwamini, kwa hiyo utetezi ni uongo" ina ufa, na wakili ataanzia hapo.

Rufaa inaweza kuishaje

Majaji wanaweza kumwachilia mfungwa, kukataa rufaa, kubadilisha kosa liwe kuua bila kukusudia, kupunguza kifungo, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 21 Januari 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, adhabu ya kifo si ya lazima tena kwa mauaji. Jaji anapaswa kusikiliza sababu za kupunguza adhabu. Kigula mwenyewe alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mume wake, katika kesi ambayo mtoto mdogo wa mume huyo alitoa ushahidi wa alichokiona. Baada ya uamuzi ule alipewa kifungo cha miaka 20, akatoka mwaka 2016. Kilichobadilika katika kesi yake ni adhabu. Hatia ilibaki ilivyokuwa, jambo ambalo watu wengi wanaoitaja kesi hiyo hawalijui.

Miongozo ya adhabu ya mwaka 2013 inaweka miaka 35 kuwa mahali pa kuanzia kwa mauaji. Muda uliokaa mahabusu kabla ya hukumu lazima uzingatiwe, kwa mujibu wa ibara ya 23 ya Katiba. Kama jaji hakuutaja, hiyo peke yake ni sababu ya rufaa juu ya adhabu.

Aliyeshindwa Mahakama ya Rufaa anaweza kwenda Mahakama ya Juu, lakini huko kwa kawaida mambo ya kisheria ndiyo husikilizwa, si kupima upya kila shahidi. Hukumu ya kifo haitekelezwi mpaka mahakama ya juu kabisa iithibitishe.

Na yule jirani aliyeogopa kusema? Mahakama ya Rufaa inaweza kupokea ushahidi mpya, ila kwa nadra. Lazima uonyeshe kwamba usingeweza kuupata wakati wa kesi hata kwa kujitahidi, kwamba unahusu kesi, unaaminika, na ungeweza kubadilisha matokeo, na kwamba hukukawia kuuleta. Jirani aliyekuwepo kijijini siku zote za kesi ni mgumu kupita mlango huo. Kadi ya kituo cha afya inayoonyesha marehemu alitibiwa ugonjwa mwingine wiki ile, na ambayo upande wa mashtaka ulikuwa nayo bila kuitoa, ina nafasi nzuri zaidi.

Ukienda kuonana na wakili, au na shirika la msaada wa kisheria kama Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, nenda na namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya hukumu. Omba nakala ya hukumu, ya ripoti ya daktari, na ya maelezo ya kwanza ya kila shahidi kwa polisi. Kisha kaeni mziweke mezani pamoja, mkianza na yale ya siku ya tukio.